Pengo Kwenye Daraja la Kwetu

Nkuhungu, Dodoma

Kaka Damasi,

Shikamoo. Kabla hujaitikia vuta kigoda ukae, maana barua hii haifai kusomwa na mtu aliyesimama. Sisi huku hatujambo. Mtoto ananyonya vizuri, analia kwa zamu zake, na mimi mzazi nimeanza kupata nguvu. Ninyi je? Wifi Rozina na mgongo wake wanaendeleaje? Mama hajambo? Hilo swali la mwisho lisome tena, taratibu, kwa sababu ndilo lililonifanya nitafute kalamu na karatasi wakati simu ninayo na salio limo.

Sikupiga kwa sababu kwenye simu nakujua. Ukikaribia kusema uongo unakohoa, halafu mtandao unasumbua, halafu unakata. Barua haikatiki. Nimemkabidhi Bwana Idi, yule mnunuzi wa asali kutoka Kondoa ambaye ni jirani yetu hapa. Anarudi huko kwenu milimani kufuata mzigo wake na ameniahidi kukupa mkononi. Ukimaliza kusoma usimuulize chochote, yeye hajui alichobeba.

Sasa tuanze na daraja.

Nilipokuambia nataka kuja kujifungulia kwa mama, ulikohoa. Kisha ukasema, "Usije, Skola. Daraja limekatika."

"Limekatwa na nini?"

"Maji."

"Maji gani kaka? Huu si kiangazi?"

"Mvua za siku hizi hazina adabu," ukasema, na mtandao ukasumbua.

Nikaamini. Nimekaa Dodoma miaka mingi mpaka nimeanza kusahau tabia za mto wa kwetu. Huku mto ni mchanga. Unatembea ndani yake na viatu, unachimba kisima katikati yake, na siku ukijaa unapita kama mwizi, kesho yake ni mchanga tena. Watu wa huku nikiwaambia kwamba kwetu kuna mto wenye maji mwaka mzima, na kwamba ng'ambo ya msitu hufiki bila kupita juu ya magogo mawili na miti iliyofungwa kwa kamba za porini, wananitazama kama ninayejisifia mali. Kwa hiyo ulipotaja maji, nikasema labda. Nikaahirisha safari.

Baadaye nikakuomba nizungumze na mama. Ukasema mama hawezi kufika kule kilimani penye mtandao kwa kuwa yuko ng'ambo na daraja hakuna. Hilo nalo nililimeza. Kesho yake nilikuwa Makutupora, kwenye zabibu. Walikuwa wamenikalisha kivulini kwa sababu ya tumbo, nachambua zilizooza na kupanga nzuri kwenye makreti, kazi ya mikono tu, kichwa kinabaki huru. Ndipo nikajiuliza: kaka naye si anakaa ng'ambo? Nyumba yake na ya mama zinatazamana. Mtandao uko upande wa pili wa mto, upande wa barabara. Sasa yeye ananipigia kutoka wapi?

Nilikuuliza, unakumbuka? Ukasema umeogelea.

Damasi wa mama! Wewe ambaye tangu ulipoteleza ukaangukia mtoni ukiwa mdogo huogi mpaka maji yawe kwenye ndoo! Wewe umeogelea mto ule, ukiwa na simu mfukoni! Nilicheka mpaka wenzangu kwenye zabibu wakaniuliza kuna nini. Nilipomaliza kucheka nikaona sijafurahi hata kidogo.

Nisamehe kwa nilichofikiri kwanza. Nilifikiri umeuza shamba la mama la iliki. Nikakuona umeshapokea pesa, mnunuzi ameshaweka mipaka, na hutaki nije nikukute. Siku kadhaa nilikuwa nakugombeza kichwani huku nafua nguo, na ulikuwa unajibu vibaya sana.

Kisha nikaanza kumshuku mume wangu.

Yona unamjua, ni fundi ujenzi, mtu wa maneno machache, na akirudi kazini hataki kutumwa. Ghafla akawa anachota maji bila kuombwa. Akaanza kuniuliza nimekula nini. Simu yake ikiita anatoka nayo hadi kwenye uzio, anainama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Jumapili moja tumetoka kanisani, nimejilaza ndani, nikamsikia dirishani akisema kwa sauti ya chini, "Bado hajui. Tumuache hivyo hivyo mpaka ajifungue."

Kaka, nikajua ni mwanamke. Nikavizia shati lake, nikalinusa, linanuka saruji. Nikamuuliza jirani yetu mwingine, mwanamke, kama amewahi kumwona mume wangu amesimama na mtu njiani. Akaniambia, "Mama, mume wako anapita hapa kichwa chini, hata salamu lazima umkumbushe." Nikaona jirani naye yumo. Siku zile nilishuku kila mwenye macho.

Mpaka mama mkwe akaja.

Alitoka kwake Makutupora kuja kukaa nami hadi nijifungue. Mama yake Yona si mtu mbaya, ila tangu niolewe hajawahi kuridhika na mlenda wangu. Mara unavutika sana, mara hauvutiki, mara nimeupika kama mtu aliyekua kwenye miti. Safari hii alikula. Nikaweka mlenda mbele yake, na ulikuwa mbaya, hata mimi niliuona. Akala, akashukuru, akalamba vidole. Mwanamke yule kusifia mlenda wangu, hilo tu lingetosha polisi kufungua jalada.

Jioni moja tulikuwa uani, yeye anapeta uwele, mimi nimekaa tu. Nikawa namsimulia daraja letu, kwa kuwa ndilo lililokuwa kichwani mwangu kutwa. Nikamwambia kwetu kila baada ya masika watu hulifunga upya, na kila nyumba hutoa mti mmoja wa kukanyagia, na anayeuweka ni mama wa nyumba ile, si mwanamume, kwa sababu wanawake ndio wanaovuka na mizigo. Akauliza, "Na mama wa nyumba akifa?"

Nikamwambia akifa mti wake unatolewa siku ya mazishi, unakwenda kuwasha moto wa matanga. Pengo linaachwa wazi. Kila anayevuka analiruka, na akiruka anamkumbuka. Linazibwa siku mtoto wake wa mwisho atakapoweka mti mpya kwa mikono yake, si mtu mwingine.

"Na kama huyo wa mwisho yuko mbali?"

"Watamngoja."

Mama mkwe akaweka ungo chini. Akasema anakwenda kufukuza kuku, akazunguka nyuma ya nyumba na akakaa huko. Kaka, sisi hatufugi kuku.

Nilibaki pale natazama uwele kwenye ungo. Sikumfuata. Nadhani ningemfuata ningejua yote siku ile, na kuna sehemu yangu iliyokataa kunyanyuka.

Siku chache baadaye Bwana Idi akarudi kutoka huko kwenu na ndoo zake za asali. Mimi ndiye niliyemwelekeza njia ya kwetu mwaka juzi, ndiyo maana kila akirudi hunipitishia kidogo. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Daraja mmevukaje? Si limekatika?"

"Limekatika wapi?" akasema. "Daraja zima lile. Nimepita na baiskeli begani na ndoo mkononi. Kasoro moja tu, hapo katikati wamekosa mti mmoja. Nusura nivunjike mguu. Watu hodari kama nyie mnaacha tundu vile?"

Nikamuuliza ni sehemu gani ya katikati.

"Pale pembeni ya kamba ya kushikilia, palipozungushiwa mpira wa baiskeli."

Unajua ni nani aliyeuzungushia mpira ule. Ni mimi na wewe, tulikata tairi la ndani la baiskeli ya baba tukalifunga pale ili mama akirudi na mzigo giza likiingia apapase ajue amefika kwenye mti wake. Mama alitugombeza kwanza, akacheka baadaye. Kila mwaka daraja linafungwa upya na kila mwaka mpira ule unarudishwa palepale.

Nikamuuliza Bwana Idi kama amemwona mama yetu.

"Huyo sikumwona," akasema. "Ila kaka yako nilimkuta. Kanyoa upara. Nikamtania kwamba amezeeka, akasema ni chawa." Halafu akanitazama usoni, nadhani hakupenda alichokiona, akaanza kunisifia asali, jinsi ilivyo nzito, jinsi ya msitu wenu isivyofanana na ya kwao.

Wewe na nywele zako, kaka. Wewe uliyekuwa unakwenda kanisani na kitana mfukoni.

Hata hapo sikukubali. Sijui kama utanielewa. Nilijiambia mti umeoza. Nilijiambia mtu ameuiba kwa kuni, mbuzi wameukanyaga ukapasuka, na chawa si kitu cha ajabu kwenye nyumba yenye watoto. Nilikuwa hodari sana kukutetea wiki ile, baada ya kukuvunjia heshima mwezi mzima. Nikawa nashuku kila mtu kwamba ananidanganya, na wakati huohuo namshuku yeyote anayeelekea kuniambia ukweli.

Na najua kwa nini mlifanya hivi. Baba alipofariki ulinipigia nikiwa shambani, mkasi wa kupogolea mkononi, mimba ya miezi mitano. Ulisema tu "Skola, baba ametutoka," kwa kuwa ulikuwa unalia na hukuwa na namna nyingine ya kusema. Nilianguka palepale kati ya mistari ya mizabibu. Yale yaliyofuata hospitalini unayajua, na mtoto yule hatukumzika kwa jina. Sijawahi kukulaumu. Lakini najua wewe umejilaumu, kwa sababu tangu siku ile ukinipigia unaanza kwa kusema, "Huku salama, hakuna kitu." Safari hii ukaona bora uniambie daraja limekufa.

Nimekasirika, kaka. Nimekasirika sana na ninakuelewa, vyote viwili, na sijui nianze na kipi. Mmemzika bila mimi. Mmekaa matanga, moto umewaka, watu wamekuja na unga na kuni, na mimi nilikuwa Makutupora nachambua zabibu na kukucheka kwa kuogelea.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Ana kidevu cha kwetu na hasira za kwao. Sasa sikiliza kilichotokea nyumbani baada ya kutoka hospitali, ndipo nimalize.

Kwa akina Yona mtoto wa kwanza wa kike hubeba jina la bibi mzaa baba. Hilo halina mjadala. Mama mkwe alilitangaza jina lake tangu mimba haijaonekana. Ameshalisema kwa wanakwaya wenzake, ameshanunua kanga ya mtoto, akawa anaongea na tumbo langu akiliita Tabitha. Mimi niliwahi kusema kwa utani kwamba labda tumwite Gaudensia, jina la mama, akanuna siku mbili.

Basi, alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Mimi nimekaa kitandani, Yona yuko mlangoni. Akasema bila kugeuka, "Huyu aitwe jina la mama yako."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Na lako, mama?"

"Langu litasubiri," akasema. "Mimi bado nipo."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Yona akatazama chini. Mtoto akaanza kulia kwa sababu hakuna aliyekuwa anammwagia maji. Mama mkwe akamtoa, akamfunga kwenye kanga ile ile aliyomnunulia Tabitha, akaniletea kifuani, na akakaa karibu yangu kitandani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikamnyonyesha.

Sikuwauliza. Mpaka leo Yona anaamini sijui. Anaendelea kwenda kuongea na simu kwenye uzio, na mama mkwe anaendelea kula mlenda wangu. Wanajitahidi mno, kaka, naona huruma kuwakatisha. Nalia wakati wa kuoga, ambapo uso ukilowa hakuna wa kuuliza. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia kwamba najua, na ndiye uliyekuwa wa kwanza kunificha, kwa hiyo tumelingana.

Kama nimekosea katika haya yote, kama mti umeoza na kichwa kilikuwa na chawa kweli, tafadhali mpeleke mama kilimani, mpe simu, anitukane kwa kumzulia kifo. Nitashukuru kwa kila tusi. Nitangoja simu hiyo. Lakini naandika nikiwa najua haitakuja.

Kuna kitu kimoja kilichonishinda kuelewa, nikakilalia siku nyingi. Kama mlitaka kunificha, kwa nini hamkuziba pengo? Ilikuwa rahisi. Unakata mti, unaufunga usiku mmoja, Bwana Idi anavuka, na mimi hapa nisingejua lolote. Wifi Rozina anavuka pale na ndoo kichwani na mgongo wake ule. Watoto wa shule wanaruka asubuhi na mchana. Wenye magunia ya iliki wanasimama, wanashusha, wanapitisha gunia kwanza halafu wao. Lazima wamekulalamikia. Lazima baba mdogo Teofili, ambaye daraja liko mikononi mwake, amekuambia, "Damasi, ziba hilo tundu, mtu ataumia." Na wewe umekataa.

Kinywani umenidanganya kadiri ulivyoweza, ila pale darajani umeshindwa. Umewafanya watu wote wa ng'ambo waruke kwa ajili yangu, mtoto wa mwisho. Nilipolifahamu hilo hasira zilipungua kidogo. Hazijaisha. Zimepungua.

Kwa hiyo nakuomba usilizibe. Nikimaliza arobaini nakuja na mtoto. Yona nitamwambia mwenyewe nikishakuwa na nguvu ya kumwona akilia. Usinipigie tena kuniambia habari za maji. Nikifika utanikalisha uniambie mama alivyokwenda: aliumwa nini, nani alikuwa naye, aliniuliza au hakuniuliza. Uniambie bila kukohoa. Safari hii sitaanguka. Nitakuwa nimemshika mtoto, siwezi kuanguka.

Msalimie wifi Rozina, mwambie nampa pole ya msiba na pole ya kuruka. Msalimie baba mdogo Teofili, mwambie namshukuru kwa kuvumilia tundu kwenye daraja lake, na asiruhusu mtu kuutoa ule mpira wa baiskeli. Wasalimie akina mama wote wanaovuka na mizigo. Mama naye msalimie. Unajua pa kumsalimia.

Mti nikatie wewe, maana mimi panga sitaliweza bado. Uchague ulionyooka, kama aliokuwa anaupenda. Ila usiwe mzito sana, kaka. Nitaubeba nikiwa na mtoto mgongoni.

Ni mimi mdogo wako, Skola,
ambaye sasa huku wananiita Mama Gaudensia.